Aliyemfulia Mume Wangu Nguo

Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini ameoga. Naanzia hapo kwa sababu ubaya wangu wote ulianzia hapo. Waume wa wenzangu katika kambi yetu ya wafanyakazi, Kolwezi, walirudi kutoka mgodini na vumbi hadi kwenye kope, wakavua viatu mlangoni na kuitisha maji. Wangu alirudi nywele zikiwa bado na unyevu, shingo safi, ananukia sabuni ambayo sikumnunulia mimi. Kila siku, kwa miezi. Mwanamke gani mwenye akili zake angelala usingizi?

Jirani yangu wa mkono wa kushoto, mke wa fundi wa mitambo, alikuwa na ulimi usiojua likizo. Siku moja tunachambua maharagwe barazani, akamwona anapita.

"Mama, bwana yako anaogeaka wapi?"

"Ku kazi."

"Ku kazi! Bwana yangu anatumikaka Kampuni moja na yako, na anarudiaka sawa nguruwe." Akatupa jiwe moja nje ya ungo. "Mi sisemi kitu. Dalili ya mvua ni mawingu."

Hakusema kitu, lakini nililala nacho.

Halafu kulikuwa na jambo la salopeti. Salopeti ni ile nguo ya kazi ya bluu ya kipande kimoja, suruali na shati pamoja, na kwetu haikuwa nguo tu. Mke aliifua Jumamosi kwa brashi, akaianika kwenye kamba ya upande wa barabara, mikono na miguu imenyooshwa vizuri, ili kila anayepita kwenda soko la Manika aone kwamba nyumba hii ina mtu wa Kampuni. Miaka ile mambo yalipoanza kuharibika, mishahara ikichelewa na watu wakiachishwa kazi kwa makundi, salopeti kambani ilikuwa na heshima kuliko cheti cha ndoa. Kamba ya jirani yangu ilikuwa na salopeti mbili. Yangu ilikuwa na vitenge na nepi, kana kwamba nilikuwa mjane.

Mume wangu hakuwa mchimbaji. Alikuwa katika timu ya watu sita waliopewa kazi ya kusafisha banda moja la zamani upande wa Musonoi. Humo, kwa miaka mingi, yalirundikwa mawe yaliyotoka shimoni pamoja na shaba: mawe ya kijani na ya manjano, mazuri ajabu, na yenye mionzi. Watu waliyachukua wakayaweka pambo kando ya redio. Mama mkwe wangu alikuwa na moja la kuzuia mlango usipigwe na upepo, mpaka siku mwanawe alipokuja na mashine ya kupimia, mashine ikalia tik-tik-tik kama jiko la mafuta lililomwagikiwa maji, akalibeba jiwe kwa koleo hadi nje. Mama mkwe alinuna wiki nzima. Alisema jiwe lile lilikuwa halijamkosea mtu.

Kazi yao ilikuwa kuyaokota mawe hayo na kufagia vumbi lake baada ya kulilowesha maji lisiruke. Waliyatia katika mapipa ya chuma, kisha wakayazika katika shimo lililosiribwa udongo wa mfinyanzi chini na pembeni, mbali na kijito ambacho mama wa bustani walichota maji. Maji ya kijito waliyapima kila wiki. Mume wangu aliipenda kazi ile kwa namna ambayo sikuizoea kwa wanaume. Alinieleza mara nyingi, huku akimega bukari, ugali wetu:

"Jiwe inabakiaka fasi uliiweka. Vumbi njo inatembeaka."

Kwa sababu ya vumbi hilo lisilokaa pale ulipoliweka, sheria yao ilikuwa kali. Chumba cha kwanza unavua salopeti na kuiacha. Cha pili unaoga. Cha tatu unapimwa mwili kwa mashine, unavaa nguo zako za nyumbani na kwenda zako. Salopeti haivuki geti. Inafuliwa palepale na mtu aliyefunzwa. Maneno yote hayo niliyaelewa vizuri, mimi nilisoma kwa masista. Ila moja lilinikaa kooni.

"Mutu gani anafulaka?"

"Mama moja wa serivisi."

Serivisi ni kitengo chao cha kazi. Akaendelea kula. Mimi nikaacha.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kumwona. Asubuhi nilikificha kibakuli cha chakula cha mume wangu nyuma ya gunia la mahindi, kisha saa tisa nikakibeba hadi Musonoi kwa miguu, nikijidai amekisahau. Mlinzi wa geti alikuwa mzee wa kijiji cha mama yangu, akanipitisha hadi kwenye dirisha la chumba cha tatu. Nilichungulia.

Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa fulana nyeupe na kaptula, ameinua mikono. Mbele yake alikuwa mwanamke ameshika ile mashine, anaipitisha polepole juu ya mwili wake, umbali wa kidole kimoja.

"Zunguka, tata," alimwita, kama kusema baba.

Akazunguka.

"Inua ule muguu. Chini yake. Sasa ile ingine."

Akainua. Nyumbani nikimwambia asogeze kiti, alisogeza baada ya mara ya tatu. Hapo aliinua mguu kama mtoto anayevalishwa soksi, na yule mwanamke akapitisha mashine kwenye unyayo wake, kati ya vidole, nyuma ya masikio, pembeni mwa kucha. Hakumgusa hata mara moja. Afadhali angemgusa, ningejua la kufanya. Nilichoona ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine duniani aliyeujua mwili wa mume wangu kipande kwa kipande, na kwamba mwenye mwili alimruhusu.

Na hakuwa mrembo. Angekuwa mrembo ningemchukia bila kazi. Alikuwa mjane, mkubwa kwangu kwa miaka mitano au sita, mfupi, na mikono iliyopasukapasuka kwa sabuni. Aliponiona dirishani alitabasamu uso mzima.

"Eh! Uyu njo mama ya nyumba? Karibu, mama! Tata iko safi. Unaweza kumubeba."

Unaweza kumbeba! Kama mtu anayekurudishia sufuria aliyoazima. Nilicheka kwa heshima, nikampa mume wangu kibakuli chake, na njia nzima ya kurudi sikumsemesha.

Jioni ile nilimwambia alete salopeti nyumbani, nitafua mwenyewe.

"Haiwezekane."

"Mi niko muke yako ao mupita-njia?"

"Uko muke yangu. Njo maana haiwezekane. Unataka vumbi ile ilale na batoto?"

"Yeye iko na batoto?"

"Iko nabo."

"Na yeye haogope?"

"Anajua namna ya kufula," alisema.

Niliona giza. Mimi, niliyefua tangu nikiwa na miaka saba, sijui namna ya kufua! Nilimwambia kama anaipenda mikono ile akalale hukohuko kwenye mabeseni. Yeye, kama desturi yake, alikwenda kuketi nje. Nami nikaanza kumfuatilia maneno yake. Kila aliposema "mama wa serivisi anasema hivi", nilihesabu. Kuna siku ilifika mara nne.

Ndipo ikaja miaka ya kufukuzana. Yalianza maneno kwenye mikutano na redioni, kwamba watu wenye asili ya jimbo la Kasai wamekula kwetu vya kutosha, sasa warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa. Lakini maneno yalitembea nyumba kwa nyumba, na nyuma ya maneno wakaja vijana. Watu walitolewa nje na magodoro yao. Yadi za shule zikajaa familia, na stesheni ya treni ikageuka mji, watu wakipika kati ya reli, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto wao hawakuijua. Familia yangu ilitoka kaskazini mwa Katanga, jimbo letu hilihili, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza lolote.

Nisijifanye mtakatifu, wala nisijifanye shetani. Jirani yangu wa mkono wa kulia alipoondoka nililia, nikawapikia watoto wake mandazi ya njiani. Lakini mume wangu aliponiambia kwamba mama wa serivisi naye babu yake alitoka Kasai, kuja kutandika reli, na kwamba sasa wanamtafuta, nilisikia moyo wangu ukikaa kitako na kutulia. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Hilo pia aliniambia. Nilishangaa alilijuaje.

Kisha akaniambia lililobaki, bila kuniangalia.

"Nimewaambia bale bavijana ni yaya yako."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Batakuya kukuuliza. Sema ndiyo tu. Atalala mu chumba ya nyuma, yeye na batoto yake, mpaka mambo itulie. Bantu banakujua, mama. Neno yako hapana mutu atabishia."

Ilikuwa kweli. Baba yangu alikuwa katekista, mtaa mzima ulinijua. Ningesema yule ni yaya wangu, ingekuwa imekwisha, maana nani angekwenda kuchimba ukoo wa katekista? Mume wangu alingoja nijibu. Sikujibu. Alichukua kimya changu kuwa ndiyo, akanishukuru. Nilikuwa nawaza chumba cha nyuma, na kamba ya nguo, na asubuhi nikiamka kumkuta yule mama ameshamwekea mume wangu maji ya kuoga.

Walikuja siku iliyofuata, mchana, mume wangu akiwa kazini. Vijana wanne. Sikutegemea kwamba wangekuja na mama wa serivisi mwenyewe. Alisimama nyuma yao kwenye kigo, yaani uzio wetu, furushi kichwani, watoto wawili wamemshika kitenge. Mkubwa wa vijana alinisalimia kwa adabu, maana alifundishwa katekisimu na baba yangu.

"Mama, bwana yako anasema uyu mama ni yaya yako. Ni kweli?"

Niliiangalia mikono yake iliyoshika furushi. Ile mikono. Naye aliniangalia, hakuomba, hakutingisha kichwa, alingoja tu kama tunavyongoja mtu atafute ufunguo.

"Hapana," nilisema. "Mi sina yaya. Mi njo wa kwanza mu nyumba yetu."

Na ulikuwa ukweli mtupu. Mimi ni kifungua mimba kwa mama yangu, muulize yeyote.

Yule mama alishusha pumzi, akarekebisha furushi lake. "Bakia muzuri, mama," aliniambia. Wakaondoka naye kuelekea stesheni.

Mume wangu alirudi ameoga vibaya, na sabuni shingoni.

"Balikuuliza?"

"Baliniuliza."

"Na ulijibu nini?"

"Ukweli."

Hakunipiga, hakunitukana. Alikwenda kulala bila kula, na tangu siku hiyo alinisemesha kama anavyomsemesha karani wa dirishani: jambo, asante, chumvi iko wapi.

Siku ya tatu nilikwenda stesheni. Nilijiambia nakwenda kutafuta unga, kwa sababu waliokuwa wanaondoka walikuwa wanaacha vitu vyao kwa bei ya kutupa. Uongo. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba anaondoka. Nilimkuta upande wa behewa lililo wazi, amewalaza watoto juu ya furushi. Aliniona kabla sijageuka.

"Mama! Mungu amekuleta." Akaingiza mkono katika furushi, akatoa glavu mbili za mpira, nzito, ndefu hadi kwenye kiwiko. "Nilizibeba bila kujua. Ni ya kazi. Sikia muzuri. Kule haina tena mutu wa kufula. Bakikuletea salopeti, kataa. Kama haiwezekane kukataa, vala ii. Usikung'ute nguo, vumbi itaruka. Loweka kwanza. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote mu pipa, hapana mu udongo. Na ile basini ya kufulia usioshee mutoto ndani. Umesikia, mama?"

Nilisikia. Sikukosa hata neno moja, ndiyo maana leo naweza kuyaandika. Lakini nilichosikia wakati ule ni kwamba mwanamke anayefukuzwa mjini, amekaa juu ya vumbi la reli, bado alikuwa na nguvu ya kunifundisha kumfulia mume wangu. Usikung'ute! Loweka! Mimi! Nilizipokea glavu kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia, nikasema asante, nikarudi nyumbani na kuzitupa juu ya kabati. Treni iliondoka baada ya siku mbili. Sikupata tena habari zake, na sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Nilidhani akiondoka ataondoka. Ndivyo tunavyojidanganya. Akiwepo unaweza kushindana naye, unaweza kumtafutia kasoro. Asiyekuwepo hana kasoro. Mume wangu hakumtaja kabisa, na huko kutomtaja niliona kumejaa yeye.

Kule Musonoi mambo yalikwenda chini haraka. Wawili wa timu waliondoka kwa treni hizohizo, mmoja aliacha kwa kukosa mshahara. Wakabaki watatu na mapipa yaliyojaa nusu ya banda. Maji yalitoka asubuhi tu. Sabuni ilikwisha. Salopeti chafu zilirundikwa katika chumba cha kwanza, mume wangu akivaa moja mpaka ikasimama yenyewe, kisha akavaa nyingine. Aliendelea kujimwagia ndoo ya maji kabla ya kutoka, na kujipima mwenyewe, ingawa mgongo hakuufikia. Mgongo huo niliuona usiku ukinigeukia.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona zuri. Kazi ya yule mama sasa haina mwenyewe. Nitaichukua mimi. Nitazifua zote, nitazinyoosha, mume wangu atakwenda Jumatatu akiwa nadhifu kuliko siku zote za yule mama, na ataona kwamba mikono ni mikono.

Jumamosi asubuhi, yeye akiwa shimoni anafukia mapipa, nilikwenda getini na shuka kuukuu. Mlinzi, mzee wa kijiji cha mama yangu, alikuwa hajalipwa miezi mingi na hakuwa tena na bosi wa kumwogopa.

"Sheria inakataza," alisema.

"Sheria njo itafula?"

Akacheka, akanifungia furushi mwenyewe. Salopeti saba. Nilizibeba kichwani hadi nyumbani, na sikumbuki mzigo wowote maishani uliokuwa mwepesi hivyo.

Nilizikung'uta kwanza kwenye ngazi ya mlango, moja moja, pa, pa, pa, maana huwezi kulowesha nguo yenye udongo mkavu, utapata tope. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Vumbi lilipanda likanikalia kwenye nyusi, nikapiga chafya, nikacheka. Nilizisugua kwa brashi katika beseni langu kubwa. Maji ya kwanza, meusi, niliyamwaga kwenye tuta la lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba, na ya pili vilevile, kwa sababu maji yalikuwa adimu na hakuna mwanamke wa kambi aliyemwaga maji ya sabuni bure. Ya tatu hayakuwepo. Povu lililobaki lilikuwa bado zuri, na sabuni nilikuwa nimeikopa kwa jirani, basi nikamwogeshea humo kitindamimba wetu wa mwaka mmoja. Alipiga maji kwa viganja akacheka.

Kisha nikaanika. Salopeti saba upande wa barabara, mikono imenyooka, miguu imenyooka. Jirani yangu alitoka nje, akashika kiuno.

"Leo njo umeolewa!"

Nilijibu kwamba nimeolewa siku nyingi, ila watu wengine hawakuwa na macho. Sijawahi kuwa na furaha kama ya saa mbili zile. Nasema kweli yangu. Nilikaa barazani na mtoto mapajani, nikaangalia kamba yangu, na watu waliokuwa wanaiangalia.

Saa kumi mume wangu alitokea mwisho wa barabara. Nilimwona anapunguza mwendo. Alisimama kwenye kigo, akaangalia kamba, akazihesabu salopeti kwa macho, akaangalia ngazi, beseni, mtoto. Nilikuwa nimesimama tayari kupokea asante. Aligeuka akaanza kukimbia kurudi Musonoi. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Alirudi jua likiwa bado juu, anasukuma mkokoteni wenye pipa, mashine imening'inia shingoni. Alimchukua mtoto kwanza. Aliipitisha mashine juu ya kichwa chake, tumboni, viganjani, na pale kwenye mikunjo ya vidole ikalia, polepole, tik, tik. Alimwosha kwa maji safi aliyokuja nayo, akampima, akamwosha tena, akampima. Ikanyamaza. Niseme hapahapa ili msomaji apumue: mtoto yule leo ana watoto wake, mzima. Lakini siku ile hakuna aliyenipa ahadi hiyo.

Kisha akapima nyumba yangu. Kamba ililia. Ngazi nilikokung'utia ililia zaidi ya vyote. Beseni lililia, brashi ililia, tuta la lengalenga lililia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitenge changu cha kiunoni na gauni langu vililia, nikavivua, navyo vikaingia pipani. Alichukua koleo, akalowesha udongo wa tuta, akauchimba na mboga zake mpaka mashine iliponyamaza, akatia kwenye pipa na magunia. Salopeti alizirudisha ndani ya lile shuka, mbichi. Ngazi aliisugua kwa vitambaa, navyo akavitia. Beseni langu la harusi alilikanyaga likakunjika, likaingia.

Watu walikuwa wamejaa barabarani. Walichoona ni vitu vya mwanamke vinatolewa nje na kupakiwa mkokotenini, na siku zile jambo hilo lilikuwa na maana moja tu. Kijana mmoja wa wale wanne alisogea hadi kwenye kigo.

"Mama, na weye? Na weye banakufukuza?"

Nilifungua mdomo niseme kwamba mimi ni wa hapa, nimezaliwa hapa. Jirani yangu, ambaye jana yake tulichambua naye maharagwe, aliinua mtoto wake akaingia ndani na kufunga mlango.

Mume wangu alinifikia mimi wa mwisho.

"Inua mikono," alisema. "Zunguka."

Nikazunguka. Mbele ya watu wote, nimevaa gauni la ndani na shuka jingine, niliinua mguu mmoja, nikainua wa pili. Nyusi alizifuta kwa kitambaa mpaka zikanyamaza; mwili uliobaki ulikuwa kimya. Alipofika kwenye mikono mashine ikalia.

Aliingia ndani, akarudi na zile glavu. Sikujua kama aliwahi kuziona juu ya kabati. Alizipima, ndani na nje, zikanyamaza kimya kabisa. Nilikuwa sijazivaa hata mara moja. Akazivaa yeye, akavuta ndoo, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kuniosha mikono. Alipaka sabuni bila kusugua kwa nguvu, ngozi isichubuke. Kidole kimoja kimoja, kuanzia ncha kwenda kwenye kiganja, halafu kucha kwa mswaki laini, halafu akamwagia maji polepole, mikono ikiinama chini, yasirudi kwenye viwiko. Maji ya kwanza katika pipa. Maji ya pili katika pipa. Miezi mingapi hakuwa amenishika mkono? Na alipoushika, ulikuwa ndani ya mpira wa mwanamke yule, kwa taratibu ambazo hazikuwa zake, nilizijua si zake, mume wangu hakuzaliwa na upole wa namna ile. Hata hapo, Mungu anisamehe, na mtoto wangu ametoka kupimwa, niliona wivu.

"Nani alikufundisha kuosha mutu hivi?" nilimwuliza.

Alinigeuza viganja juu, akamwaga maji ya tatu.

"Yaya yako," alisema.